Shaba na Almasi: Zambia na Botswana Zilivyoachana Njiani

Makala hii ni adhabu. Naanza kwa kusema hivyo wazi kwa sababu wengi wenu mlikuwepo ukumbini siku hiyo, na hakuna cha kuficha.

Mnaukumbuka mdahalo wa muhula wa kwanza. Hoja ilikuwa "Botswana imeendelea kuliko Zambia", nami nilikuwa mtetezi wa kwanza. Nilisimama kifua mbele, tai nimeifunga sawasawa, nikasema kwamba pato la wastani la mtu wa Botswana ni mara tano hivi ya pato la mtu wa Zambia. Hilo ni kweli kwa takwimu za mwanzo wa miaka ya 2020, na nilikuwa nimelisoma vizuri. Makofi yakalia. Basi hapo ndipo shetani aliponiingia. Nikaongeza kwamba sababu si ngumu kuiona: Wazambia ni wavivu, Wabotswana ni wachapakazi. Ukumbi mzima ukacheka, tukashinda kwa kura nyingi, nikaenda kulala nikiwa shujaa wa bweni.

Kesho yake mlezi wa chama akaniita. Hakupiga kelele. Alikuwa ameandika katika daftari langu kwa wino mwekundu, "Umetukana taifa zima bila ushahidi hata wa punje ya haradali." Akaniamuru niende maktabani, nisome, kisha niandike katika jarida la mwaka huu ni kwa nini nchi hizi mbili zimetofautiana, na nilitaje tena lile neno "wavivu" iwapo tu nitapata ushahidi wake. Nimeutafuta ushahidi huo tangu siku hiyo mpaka sasa. Sikuupata. Niliyoyapata ndiyo haya.

Lakini kabla ya vitabu kulikuwa na mjomba. Mjomba wangu ni dereva wa trela na amezoea njia ya kusini: Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Lusaka, na mara chache huvuka hadi Botswana. Nilipokuwa mdogo alinipa noti ya kwacha 10,000 za Zambia. Jamani, elfu kumi! Niliificha ndani ya kitabu cha hesabu nikijiona tajiri wa kijiji. Kumbe wakati mjomba alipoipata ilikuwa kama dola mbili tu za Marekani, na kufikia siku aliyonipa ilikuwa haitumiki tena kabisa, kwani mwaka 2013 Zambia ilikata sufuri tatu katika pesa zake, elfu kumi ikawa kumi. Sasa sikiza hili. Kwacha ilipoanza kutumika mwaka 1968, kwacha moja ilikuwa na thamani ya dola moja na senti arobaini. Miaka arobaini na minne baadaye, dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa kwacha 5,000 na zaidi. Ukitaka kuijua historia ya uchumi wa Zambia, anzia kwenye noti hiyo.

Wapenzi wa lugha watafurahi kujua kwamba jina lenyewe ni jamaa ya Kiswahili chetu. Katika Kinyanja na Kibemba, "kwacha" ni "kumekucha", na lilikuwa neno la kupandisha ari wakati wa kupigania uhuru. Botswana nao, walipoacha kutumia randi ya Afrika Kusini mwaka 1976, waliiita pesa yao "pula", yaani mvua, kwa kuwa nchi yao ina jangwa la Kalahari na mvua kwao ndiyo baraka yenyewe. Senti zao ni "thebe", yaani ngao. Mmoja alitamani mapambazuko, mwingine mvua.

Mlezi alinishauri nisianze na mwaka huu. Alisema nianze siku bendera zilipopandishwa, niulize kila nchi ilikuwa na nini mkononi. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 chini ya Kenneth Kaunda. Botswana ikafuata tarehe 30 Septemba 1966 chini ya Seretse Khama. Zote mbili hazina bahari na zote zilitawaliwa na Mwingereza. Hapo ndipo ufanani unapoishia, maana ungeambiwa siku hizo uchague ni ipi itakayotajirika, ungeichagua Zambia bila kusita, na wataalamu wote wangekuunga mkono.

Zambia ilikuwa na Ukanda wa Shaba: Kitwe, Mufulira, Chingola, Luanshya. Ilikuwa miongoni mwa nchi zinazochimba shaba nyingi zaidi duniani, na mwaka 1969 ilitoa zaidi ya tani 700,000. Ilikuwa na reli, miji yenye umeme, na hospitali za migodi. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni zilitokana na shaba hiyo moja. Kumbukeni hesabu hii, tutairudia.

Botswana je? Haikuwa hata na mji mkuu wake. Waingereza walikuwa wakiitawala kutoka Mafikeng, mji ulioko Afrika Kusini, nje kabisa ya mipaka. Gaborone ilibidi ijengwe upesi upesi ili uhuru upate mahali pa kufikia. Nchi ina ukubwa unaokaribiana sana na wa Kenya yetu, kilomita za mraba 580,000 na kitu, lakini watu walikuwa kama laki sita tu, na ng'ombe zaidi ya watu. Barabara ya lami ilikuwa kilomita 12. Mjomba anasema kilomita hizo trela yake huzimaliza kabla chai haijapoa. Tena uhuru ulikuja katika miaka ya ukame mkali, ng'ombe wakifa malishoni, na serikali mpya haikuweza kulipa mishahara bila msaada wa Uingereza. Wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa 22.

Niliposoma idadi hiyo ya 22 nilicheka, kisha nikatazama ya Zambia. Zambia yenye watu karibu milioni nne ilikuwa na wenye shahada mia moja hivi. Piga hesabu: ukigawanya kwa idadi ya watu, Zambia tajiri ndiyo iliyokuwa na upungufu mkubwa zaidi. Shaba ilikuwa imechimbwa kwa miongo mitatu na zaidi, faida ikasafirishwa, na waliokuwa wakiichimba hawakusomeshwa. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Kwa heshima zote kwa wahenga, katika nchi hizi mbili methali hiyo ilidanganya.

Mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, almasi ikagunduliwa Orapa. Mgodi ulifunguliwa mwaka 1971, na mwingine tajiri zaidi, Jwaneng, mwaka 1982. Mtu atasema, "Aa, basi ni bahati tu!" Nami nilisema hivyo. Bahati ipo, siikatai, lakini tazama yaliyofanywa kabla na baada ya bahati hiyo. Mwaka huo huo wa 1967 Botswana ilipitisha sheria kwamba madini yote yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa zima wala si ya kabila ambalo yamepatikana kwake. Orapa iko katika nchi ya Wangwato, na Seretse Khama mwenyewe alizaliwa awe chifu wa Wangwato. Kwa maneno mengine, alitia sahihi sheria iliyowanyang'anya watu wake utajiri wakaugawana na wengine. Nchi ngapi za Afrika zimechomeka kwa ugomvi wa nani mwenye madini? Yeye aliuzima kabla haujawaka.

Kisha kulikuwa na mkataba. Kampuni ya De Beers ndiyo iliyokuwa na ujuzi na mitaji. Mwanzoni serikali ilipata hisa asilimia 15 tu. Ilipofahamu almasi ni nyingi kiasi gani, ilirudi mezani, na kufikia 1975 hisa zikawa nusu kwa nusu. Kampuni hiyo ya pamoja ndiyo Debswana. Hawakuwafukuza wageni, wala hawakuwaachia wageni kila kitu.

Zambia nayo ilitaka chake. Mwaka 1969 Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya migodi ya shaba, na tangu Januari 1970 ikawa hivyo. Sasa hapa nataka tuwe waadilifu. Wengi husema kutaifisha ndiko kulikoiua Zambia. Mbona Botswana nayo ilichukua nusu ya migodi yake na haikufa? Nadhani tofauti kubwa iko katika jiwe lenyewe. Almasi wakati huo ilikuwa na mlinzi: De Beers ilinunua sehemu kubwa ya almasi ya dunia na kuiuza kupitia mlango mmoja, na soko likilegea iliweka mawe ghalani hadi bei itengemae. Shaba haikuwa na mlinzi. Zambia, Chile, Peru na Kongo walijaribu kuunda umoja wao wa wauza shaba mwaka 1967, lakini haukufua dafu. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda mara nne, na katika 1974 na 1975 bei ya shaba ikaporomoka. Nchi iliyotegemea shaba kwa asilimia 90 ikajikuta imekaa kwenye kigoda chenye mguu mmoja.

Kosa la Zambia, kwa maoni yangu, lilikuja baada ya hapo. Viongozi waliamini bei itarudi karibuni, wakakopa wakiingoja. Wakopeshaji nao waliamini hivyo hivyo, wakakopesha. Bei haikurudi kwa miaka mingi. Wakati wa neema serikali ilikuwa imejenga shule nyingi na kufungua Chuo Kikuu cha Zambia mwaka 1966, na hayo hayakuwa matumizi ya kipumbavu hata kidogo kwa nchi iliyoanza na wasomi mia. Lakini ilikuwa pia imejifunga kulipia ruzuku ya unga wa mahindi kwa watu wa mijini, na mashirika mengi ya umma yaliyokula zaidi ya yaliyozalisha. Kilimo kilisahauliwa. Mwezi wa Desemba 1986 serikali ilipoondoa sehemu ya ruzuku hiyo, bei ya unga ikapanda mara moja zaidi ya mara mbili, na Ukanda wa Shaba ukalipuka kwa ghasia. Watu waliuawa kwa ajili ya unga. Mkenya yeyote anayejua bei ya pakiti ya unga inavyoweza kuitikisa serikali ataelewa.

Botswana nayo ilijaribiwa. Mwaka 1981 soko la almasi lilikwama, na kwa miezi kadhaa nchi haikuuza almasi yoyote. Ingekuwa imetumia kila senti ya miaka ya nyuma, ingeanguka pale pale. Lakini ilikuwa na akiba ya fedha za kigeni, ikapunguza matumizi, ikazuia nyongeza za mishahara, ikangoja. Baadaye, mwaka 1994, ilianzisha mfuko wa akiba ya taifa uitwao Pula Fund. Tangu utotoni tumeambiwa akiba haiozi, lakini ni serikali chache zilizowahi kuiamini methali hiyo.

Hadi hapa ningeweza kumaliza, nikasema Botswana walikuwa na akili na Zambia hawakuwa nayo. Lakini huko ni kubadilisha tusi moja kwa jingine, na mlezi angenirudisha maktabani. Kuna jambo ambalo katika mdahalo hakuna hata mmoja wetu aliyeligusa, nalo ni majirani.

Funua ramani. Kusini mwa Zambia kulikuwa na Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa huko wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao wenyewe ili Waafrika wasitawale. Dunia ikaiwekea Rhodesia vikwazo. Sasa, shaba ya Zambia ilipita wapi kwenda baharini? Kwa reli ya Rhodesia. Mafuta ya Zambia yalitoka wapi? Kulekule. Zambia ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, na tayari koo lake limeshikwa na jirani. Kaunda angeweza kunyamaza, afanye biashara, watu wake washibe. Hakunyamaza. Alivipa vyama vya ukombozi makao: ANC ya Afrika Kusini ilikuwa na makao yake makuu Lusaka, na wapigania uhuru wa Zimbabwe na Namibia walikuwa na kambi zao nchini. Mwaka 1973 Smith akafunga mpaka, na Kaunda alikataa kuutumia hata Smith alipobadilisha nia. Miaka ya mwisho ya vita, ndege za Rhodesia zikaja kupiga mabomu hadi karibu na Lusaka.

Hapo ndipo ndugu zetu wa Tanzania waliposhika mkono. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Kisha ikajengwa TAZARA, Reli ya Uhuru, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970 na reli ikakamilika mwaka 1975. Mjomba huiona reli hiyo barabara inapokutana nayo, na anasema mataruma yake mengi yamechoka. Lakini fikiria ilichukua nini nchi mbili maskini kuijenga ili tu zisimpigie magoti Smith. Na itazameni tarehe: reli inakamilika mwaka ule ule ambao bei ya shaba imeanguka. Kuna misiba ambayo hata mtunzi wa tamthilia angeogopa kuiandika.

Botswana ilikuwa imezungukwa vibaya zaidi: Afrika Kusini, Rhodesia, na Namibia iliyokuwa chini ya Afrika Kusini. Haikuwa hata na jeshi hadi mwaka 1977. Khama, ambaye Waingereza walimfukuza nchini mwake kwa miaka kadhaa kwa kosa la kumwoa Mwingereza mweupe, hakuhitaji mtu wa kumweleza ubaguzi wa rangi ni nini. Aliulaani waziwazi na kuwapokea wakimbizi. Lakini hakuruhusu kambi za wapiganaji, na aliendelea kufanya biashara na Afrika Kusini kwa kuwa hakuwa na mlango mwingine. Hata hivyo haikuepuka: tarehe 14 Juni 1985 makomando wa Afrika Kusini waliingia Gaborone usiku na kuua watu 12.

Sisemi Khama alikuwa mwoga. Mtu mdogo aliyezungukwa na majitu hutembea kwa adabu. Lakini ninapoutazama mzigo wa deni la Zambia wa miaka ya 1980, naona kwamba sehemu yake ni bei ya uhuru wa watu wengine. Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu mia mbili nikawaita wavivu.

Tuje kwenye utulivu, ambao katika mdahalo tulisema Botswana imeshinda bila jasho. Ni kweli kwamba Botswana imefanya uchaguzi wa vyama vingi tangu kabla ya uhuru, wakati Zambia iliingia katika chama kimoja mwaka 1973. Lakini chunguzeni. Chama kilichoingia madarakani Botswana mwaka 1966 hakikutoka hadi uchaguzi wa Oktoba 2024, ambapo Duma Boko alikishinda. Miaka 58! Zambia, kwa upande wake, ilimwondoa Kaunda kwa kura mwaka 1991, na mzee akakubali, akaondoka Ikulu kwa amani. Ikabadilisha chama tena mwaka 2011, na tena 2021 Hakainde Hichilema aliposhinda katika jaribio lake la sita, yeye ambaye mwaka 2017 alikuwa amekaa gerezani miezi minne kwa shtaka la uhaini. Marais wawili walifariki wakiwa madarakani, mwaka 2008 na 2014, na katiba ikafuatwa. Jaribio la mapinduzi la mwaka 1997 lilizimwa kwa saa chache. Zambia imeyumba, tena sana, lakini haijawahi kuingia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwangu mimi mti uliotikiswa na upepo mara nyingi bila kung'oka una sifa zake, na nikiwa hakimu ningetoa sare katika kipengele hiki. Mnaweza kunipinga.

Katika hali ya maisha, lile pato la wastani nililojivunia lina mtego. Wastani ni hivi: kama mzee mmoja ana ng'ombe mia na majirani zake tisa hawana hata ndama, wastani wa kijiji ni ng'ombe kumi kwa kila mtu. Nenda sasa ukawaambie wale tisa wakakamue wastani. Botswana na Zambia zote ziko katika orodha ya nchi zenye pengo kubwa kabisa duniani kati ya tajiri na maskini. Migodi ya almasi ni mashine kubwa zenye wafanyakazi wachache, kwa hivyo Botswana ina fedha nyingi lakini zaidi ya mtu mmoja kati ya watano wanaotafuta kazi hana kazi. Wasarwa, wenyeji wa kale wa Kalahari, walihamishwa kutoka hifadhi yao, na ilibidi waende mahakamani, wakashinda kesi mwaka 2006. Sidhani wao wangepiga makofi nilipokuwa nikihutubu.

Hata hivyo fedha zile zilionekana. Kufikia 2022 karibu robo tatu ya watu wa Botswana walikuwa na umeme, ilhali Zambia walikuwa chini ya nusu. Na kuna kisa kimoja ambacho, kwangu, ndicho kinachoonyesha nchi iliyoweka akiba inaweza kufanya nini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ukimwi uliivamia Botswana kuliko karibu nchi yoyote duniani. Zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Umri wa kuishi uliokuwa umepanda tangu uhuru ukaporomoka. Almasi haikuwakinga. Lakini mwaka 2002 serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali bure, ikiwa ya kwanza Afrika kufanya hivyo kwa nchi nzima, wakati nchi nyingi zilikuwa zikisema dawa hizo ni ghali mno kwa Mwafrika. Mpango huo waliuita Masa, neno la Kitswana lenye maana ya mapambazuko. Tazameni lugha inavyozunguka: Wazambia waliyatia mapambazuko kwenye pesa, Wabotswana wakayatia kwenye dawa.

Zambia nayo ilipigwa na Ukimwi wakati huohuo, lakini hazina ilikuwa tupu na migodi ilikuwa ikiuzwa kwa wageni kati ya 1997 na 2000. Shaba iliyochimbwa ilikuwa imeshuka hadi kama tani 250,000 tu kwa mwaka. Kampuni ya serikali ndiyo iliyokuwa ikiwapa wachimbaji nyumba, hospitali, hata timu za mpira, na wengi walipoteza vyote kwa barua moja. Mnamo 2005 na 2006 Zambia ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni. Ikapumua. Kisha kuanzia 2012 ikakopa tena, safari hii katika masoko ya fedha ya kimataifa, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa. Hilo la pili silitafutii udhuru, Smith hakuwepo.

Kwa hivyo nitetee hoja ile au niiache? Bado naitetea. Katika miaka sitini Botswana ilitumia mali yake vizuri zaidi, na aliyezaliwa huko mwaka 1990 alikuwa na nafasi bora ya kupata shule, barabara na dawa kuliko aliyezaliwa Zambia mwaka huo. Lakini upepo unageuka hata sasa ninapoandika. Almasi zinatengenezwa kiwandani, na tangu 2023 mauzo ya zile za ardhini yamezorota, uchumi wa Botswana ukapungua mwaka 2024, na Agosti 2025 serikali ikatangaza hali ya dharura ya afya kwa sababu ya uhaba wa dawa hospitalini. Nchi ya Masa, fikiria! Shaba nayo ndiyo inayotafutwa kwa ajili ya nyaya na magari ya umeme, na Zambia inapanga kuchimba tani milioni tatu kwa mwaka. Tena Zambia ina mito na mashamba ambayo Botswana haina, ingawa ukame wa 2024 ulikausha bwawa la Kariba hadi watu wakakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Aliyepima mwaka 1966 alipata jibu moja, aliyepima 2002 jingine, na wa 2040 sijui atapata lipi.

Nchi hizi hukutana mahali pamoja tu, Kazungula, mtoni Zambezi, katika mpaka wa mita 150 hivi. Mjomba alikuwa akifika pale anakuta foleni ya trela na feri moja inayobeba magari machache kwa safari. Alingoja siku kadhaa, mara nyingine akaanza kupika kando ya barabara kama mtu aliyehamia. Mwezi wa Mei 2021 nchi hizo mbili zilifungua daraja la mita 923, lililopindwa katikati ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Nilimwuliza mjomba ni upande gani wenye wachapakazi zaidi. Alinitazama kwa muda, akasema pande zote mbili kuna akina mama wanaoamka saa kumi alfajiri kuwapikia madereva chai.

Hoja ile itarudi mwaka ujao. Nilimwomba mlezi anipange upande wa wapinzani, akakataa, akasema nitaitetea vilevile ila nione kama nitaweza kushinda bila kuchekesha. Mpinzani wangu wa kwanza amekwisha kuja bwenini kuniazima daftari hili. Nimempa, na ile noti ya elfu kumi imo ndani yake.